Dakika tisa za Gambia angani

Mashabiki wa Yanga hawajamsahau Tom Saintfiet. Mbelgiji huyo alitua Jangwani mwaka 2012, akabeba Kombe la Kagame kwa kuichapa Azam 2-0 fainali, na kabla mwaka haujaisha akafungashiwa virago. Presha za mpira wa Bongo anazijua. Lakini Januari 10, 2024 ilibaki kidogo auawe na presha ya aina nyingine kabisa, ile ya hewa ndani ya ndege.

Siku hiyo alikuwa na kikosi cha Gambia pale Banjul, wakipanda ndege ndogo ya kukodi ya abiria 50 kwenda Ivory Coast kwenye AFCON. Ndani kulikuwa na joto balaa. Wakaambiwa kiyoyozi kina shida, wakishapaa kila kitu kitakaa sawa.

Hakikukaa. Joto likazidi, vichwa vikaanza kugonga, kizunguzungu kikafuata, halafu usingizi. Beki Saidy Janko alieleza baadaye kwamba watu walizama kwenye usingizi mzito dakika chache tu baada ya kupaa.

Usingizi huo ndio wa kuogopa. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege husukumiwa hewa ndani ili abiria apumue vizuri. Hewa hiyo ikipungua, ubongo unalegea taratibu na mwenyewe hashtuki, anadhani ni uchovu wa safari. Mwaka 2005 ndege ya Helios kutoka Cyprus ilikosa hewa namna hiyo. Marubani wakazimia, ndege ikaendelea kujiendesha hadi mafuta yakakata, ikaanguka karibu na Athens. Watu wote 121 walikufa.

Kwa mujibu wa Saintfiet, hata barakoa za oksijeni hazikushuka. Bahati yao rubani aligeuza mapema, na dakika tisa tu baada ya kuruka wakawa wameshatua tena Banjul. Kuna wachezaji waliokuwa wagumu kuamka. Kocha alisema nusu saa zaidi hewani, timu nzima ingekuwa maiti. Shirikisho la soka la Gambia nalo likatoa taarifa: uchunguzi wa awali umeonyesha presha na oksijeni vilipotea ndani ya ndege.

Siku tano baadaye, vijana hao hao wakaingia uwanjani Yamoussoukro kuwakabili Senegal, mabingwa watetezi. Dakika ya nne tu, bao. Ebou Adams akala nyekundu, mechi ikaisha 3-0. Ukiangalia matokeo peke yake utasema Gambia ilikuwa bonanza.

Guinea wakawapiga 1-0. Kwa Cameroon, Ebrima Colley akawapa uongozi wa 2-1 dakika ya 85, benchi zima likaruka. Dakika mbili baadaye James Gomez akajifunga, kisha Christopher Wooh akamalizia kazi dakika za nyongeza, 3-2.

Saintfiet akajiuzulu. Safari hii hakusubiri kufukuzwa.