Kofia nyekundu iliyofungua soko

Mwaka 1996 mtengeneza filamu Spike Lee, shabiki wa timu ya besiboli ya New York Yankees, alitaka kofia ya timu yake, lakini nyekundu. Rangi ya Yankees ni buluu iliyokoza. Kampuni ya New Era ya Buffalo, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1920, ilimshonea kwa ridhaa ya klabu. Alipoivaa kwenye fainali, wengine nao wakataka rangi zao. Kofia ya uwanjani ikawa fasheni.

Kwa mwenye duka, kazi iko kwenye saizi. Kofia hii, 59Fifty ya mwaka 1954, haina kamba ya kurekebisha nyuma. Saizi hupishana kwa moja ya nane ya inchi. Ukiongeza rangi moja, unanunua saizi zote, na zisizotoka hulala rafuni na mtaji wako.