Beryl wa Njoro: Binti aliyelelewa pamoja na farasi

USIKU umeingia Njoro. Ndani ya banda, msichana anamwangalia farasi jike aitwaye Coquette, ambaye siku zake za kuzaa zimefika. Kwa wiki nyingi binti huyo ndiye amekuwa akimlisha, kumsugua na kumtembeza. Farasi hubeba mimba kwa miezi 11 hivi, na uzazi ukiharibika, mama na mtoto wote wanaweza kufa.

Kazi hiyo hakupewa mfanyakazi mzoefu. Baba yake alimkabidhi yeye, akimwahidi kwamba mambo yakienda vizuri kitoto kitakuwa chake.

Kitoto kilizaliwa salama. Akakiita Pegasus.

Binti huyo alikuwa Beryl Clutterbuck, ambaye dunia ilikuja kumjua baadaye kwa jina la Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902 na kuletwa Afrika Mashariki akiwa na umri wa miaka minne hivi. Muda si mrefu mama yake akarudi Uingereza na kaka yake, Richard. Beryl akabaki shambani na baba yake, Charles Clutterbuck, mfugaji na mkufunzi wa farasi wa mbio.

Mtoto aliyeachwa na mama hutafuta pa kuegemea. Beryl alipata pake kwa watoto wa Kiafrika wa pale shambani, akakua akizungumza Kiswahili na kucheza nao porini. Rafiki yake mkubwa alikuwa kijana aitwaye Kibii. Alipata pake pia bandani, kwa farasi.

Farasi hufundisha kwa namna yake. Ukimwendea kwa hasira, anarudi nyuma. Ukimwendea kwa woga, anautambua. Mwanafarasi hapandwi siku ya kwanza: huzoeshwa kwanza mkono wa mtu, kisha kamba, kisha lijamu na tandiko, na kila hatua hungoja ile iliyotangulia ikomae. Anayemharakisha humharibu, na farasi aliyeharibiwa huchukua muda mrefu kumwamini tena binadamu.

Hivyo ndivyo Beryl alivyomlea Pegasus. Hakujua kwamba siku moja farasi huyo ndiye angebaki kuwa mali yake kuu.

Ukame ulipopiga, baba yake alikuwa amekwisha kusaini mikataba ya kuuza unga kwa bei isiyobadilika. Nafaka ikapanda bei, lakini mikataba ikabaki palepale. Akafilisika. Shamba likaenda, na farasi aliowafuga wakauzwa. Mzee akaamua kwenda kuanza upya nchini Peru. Beryl akachagua kubaki.

Akamtandika Pegasus, akafunga vitu vyake vichache kwenye mifuko ya tandiko, akaelekea Molo kwenye baridi kali kufundisha farasi wa watu wengine. Akiwa na umri wa miaka 18 alipata leseni ya mkufunzi wa farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya.

Kibii alimfuata huko, sasa akiwa mtu mzima aitwaye arap Ruta, wakafanya kazi pamoja. Lakini utotoni walikuwa wakitembea bega kwa bega. Ukubwani, ukoloni ulimfanya mmoja kuwa bwana na mwingine mtumishi, jambo ambalo Beryl mwenyewe hakuacha kulitaja katika kitabu chake cha mwaka 1942.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1926. Alikuwa amemwandaa dume aitwaye Wrack kwa mbio za St Leger jijini Nairobi. Zikiwa zimesalia wiki chache, mwenye farasi akaingiwa na shaka juu ya mkufunzi kijana, tena mwanamke, akamhamishia kwa mwingine. Kazi ya miezi ikaondoka mlangoni.

Beryl akabaki na Wise Child, jike mwenye damu nzuri lakini kano za miguu zilizokuwa zimeumizwa na mazoezi mazito. Hapo ndipo subira ya Njoro ilipohitajika. Alimfanyisha mazoezi kwa kipimo, akiichunga miguu ile kila siku. Siku ya mbio Wise Child alishinda, na Wrack akiwa miongoni mwa walioachwa nyuma.

Baadaye Beryl alijifunza urubani, na Septemba 1936 akavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada. Wengi wanamkumbuka kwa safari hiyo. Lakini baada ya miaka mingi ughaibuni alirudi Kenya na kurudi kwa farasi, na farasi aliowafundisha walishinda Kenya Derby mara 6. Alifariki Nairobi mwaka 1986, akiwa bado anaishi karibu na uwanja wa mbio.

Maisha yake hayakuwa laini, na si kila mzazi ana farasi wa kumkabidhi mtoto. Lakini kuku wapo, mbuzi wapo, hata bustani ya sukuma wiki ipo. Mzee Clutterbuck hakumwachia binti yake shamba wala fedha. Alimwachia usiku mmoja bandani, alipomwamini na uhai wa kiumbe kingine. Urithi huo haukuweza kupigwa mnada.