Meshi ya waifai ya bei mbaya: inafaa hela yake huku kwetu Mvumi?

Kuna swali nimeulizwa wiki hii nikaona nilijibu hapa hapa, maana najua wengi mnaosoma mkiwa kafe mnalo pia. Swali lenyewe: zile seti za waifai zinazoitwa meshi, vidude viwili vitatu vyeupe unavyovisambaza nyumba nzima, vinastahili hela wanayotaka?

Aliyeuliza ni mzee mmoja wa hapa Mvumi. Ana stationery mbele barabarani na nyumba ya kuishi iko nyuma, kama mita 25 hivi. Msimu huu mpunga umemlipa vizuri. Kijana wake aliyeko Dar kamtumia picha ya seti hiyo, kamwambia, "Baba nunua hii, tatizo la intaneti kwisha." Mzee yuko tayari kuuza magunia aliyoyaweka akisubiri bei ipande. Na msidhani ni anasa. Pale stationery ndo vijana wa hapa wanaombea mkopo wa HESLB, ndo wanajaza maombi ya vyuo na ya Ajira Portal. Siku ya mwisho ya maombi ukurasa ukigoma kufunguka, anayekosa chuo siyo mzee.

Tuanze na meshi ni nini. Ruta ya kawaida ni moja, inarusha waifai toka sehemu moja, na ukienda mbali mawimbi yanakuwa hafifu. Meshi ni ruta kadhaa zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe na kutumia jina moja la waifai. Ukitoka sebuleni kwenda jikoni simu inahamia kidude kilicho karibu bila wewe kuchagua tena jina wala kuandika paswedi. Wazo hili lina miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanafunzi na walimu wa MIT kule Marekani walitengeneza mtandao wa namna hiyo juu ya mapaa ya nyumba, wakauita Roofnet. Humo ikazaliwa kampuni ya Meraki mwaka 2006, na mwaka 2012 Cisco wakainunua kwa dola bilioni 1.2. Meshi za majumbani zilikuja kushika kasi mwaka 2016, eero na Google Wifi zilipoingia sokoni. Afrika Mashariki tunayo pia, ila kwa sura nyingine: kule Kibera, Nairobi, TunapandaNET wameunganisha shule na vituo vya vijana kwa mitambo ya waifai kutoka paa hadi paa. Pale mtaa mzima unagawana. Sisi leo tunaongelea ya nyumba moja.

Sasa bei. Seti ya juu kabisa ya Netgear, Orbi 970 ya vidude vitatu, ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa dola 2,299 huko Marekani. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500 hiyo ni milioni tano na laki saba na zaidi, kabla ya usafiri na ushuru. Wanasema inafunika futi za mraba 10,000, yaani mita za mraba kama 930. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120. Piga mwenyewe hesabu nyumba ngapi za namna hiyo zinaingia humo. Zipo za bei nafuu zaidi, tena nyingi tu, Google Wifi ya vitatu ilianza na dola 299. Lakini kijana wa mzee hakutuma picha ya hiyo, alituma ya yale makubwa. Vijana wa Dar bwana.

Kitu ambacho wauzaji hawakisemi kwa sauti ni hiki: meshi haileti intaneti. Inasambaza iliyokwishafika. Ni kama mabomba ya ndani. Kama bomba la nje linadondosha matone, ukiweka mabomba kumi ya dhahabu kila chumba utapata matone katika vyumba kumi. Ile Orbi wanaitangaza kwamba jumla ya spidi zake inafika gigabiti 27 kwa sekunde. Kama ruta yako ya laini ya simu inapokea Mbps 8, basi Orbi itakugawia hizo hizo 8. Umenunua lori la tani 27 kubeba debe la mahindi.

Na mara nyingi shida yetu ya vijijini iko nje, kati ya mnara na nyumba. Mnara uko mbali, au jioni watu wote wa kata wako hewani kwa wakati mmoja. Hapo hakuna waifai ya ndani itakayokusaidia.

Kwa hiyo kabla hujauza hata debe moja, pima. Ni bure, inakula bando kidogo tu. Kaa karibu na ruta, hatua mbili tatu, fungua fast.com kwenye simu, andika namba. Kisha nenda kwenye chumba kinachokusumbua, pima tena, andika. Fanya hivyo asubuhi, mchana na saa mbili usiku, kwa siku tatu. Namba zikiwa ndogo hata ukiwa umeikumbatia ruta, ugonjwa uko nje. Zikiwa nzuri karibu na ruta halafu chumbani zinaanguka, hapo ugonjwa ni waifai, na hapo tu ndo neno meshi linaanza kuwa na maana.

Namba nzuri ni ipi? Inategemea unafanya nini. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa picha ya HD kamili na 15 kwa ile ya 4K. Kujaza fomu, barua pepe na WhatsApp vinahitaji chini sana ya hapo. Na kumbuka spidi ikipanda na bando linakimbia, kwa sababu saa moja ya video ya HD inaweza kula GB 3. Watoto wakigundua kwamba waifai inafika mpaka kitandani, bando la mwezi litaisha tarehe 9.

Mzee tulimpimia. Dukani karibu na ruta alikuwa anapata Mbps 6 asubuhi, na usiku 2. Nyumbani nyuma, karibu na sifuri. Unaona? Magonjwa mawili kwa pamoja, na lile kubwa ni la nje.

La nje lina dawa zake. Ya kwanza haigharimu kitu: hamisha ruta. Watu wanaificha nyuma ya TV au ndani ya kabati, au chini kabisa ya meza ya kompyuta. Iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na bati na geti la chuma, kwa sababu chuma kinarudisha mawimbi. Kibanda cha bati pande zote ni kama sufuria limefunikwa. Ya pili, jaribu laini za mitandao mingine kabla ya kulaumu ruta. Chomeka Vodacom, Airtel, Yas (zamani Tigo), Halotel, TTCL, pima kila moja mahali hapo hapo. Mtandao unaosifiwa Morogoro mjini unaweza kuwa wa mwisho hapa kwetu, na usikubali mtu akwambie bila namba. Ya tatu ni ya hela kidogo: ruta ya 4G ya kufunga nje, juu ya mti au bomba, au ruta yenye tundu za antena ya nje. Ukiinyanyua mita kadhaa juu ya paa na miti, tofauti unaiona siku hiyo hiyo. Ila masika kuna radi, nguzo iwe na waya wa ardhi na mvua ikianza kunguruma chomoa.

La ndani sasa. Kutoka dukani mpaka nyumbani kwa mzee ni mita 25. Waya wa LAN unafanya kazi mpaka mita 100 bila kupoteza kitu. Unauzwa kwa mita, unapitisha kwenye bomba la plastiki chini ya ardhi, mwisho wake unachomeka ruta yoyote ya kawaida, hata ile ya zamani uliyoitupa stoo, unaiweka kwenye hali ya akses pointi. Ukiipa jina na paswedi sawa na ya dukani simu itahama yenyewe, labda kwa kusitasita kidogo kuliko meshi. Hiyo ni asilimia kubwa ya kile ambacho meshi inakupa, kwa bei ya waya. Kwa nini waya unashinda? Kwa sababu vidude vya meshi visipokuwa na waya vinapokezana hewani. Kidude cha bei rahisi kinatumia mawimbi yale yale kupokea kutoka kwa mwenzake na kukupa wewe, hivyo spidi inakatika karibu nusu kila hatua. Ripita nazo ndo hivyo hivyo. Seti za bei mbaya zimeongezewa redio ya pekee kwa ajili ya mazungumzo yao, na hapo ndipo hela nyingi inapokwenda. Unalipa mamilioni ili kukwepa waya wa mita 25.

Kuna mtego mwingine ambao umewakamata watu. Meshi nyingi hazina sehemu ya kuchomeka laini ya simu. Zinasubiri intaneti ije kwa waya wa LAN kutoka kwenye mtambo mwingine. Kama intaneti yako inatoka kwenye kile ki-mifai cha mfukoni kisicho na tundu la LAN, utafungua boksi zuri, utapanga vidude vitatu, halafu mtatazamana. Zipo chache zenye sehemu ya laini, mfano baadhi ya TP-Link Deco, lakini uliza kabla ya kulipa. Angalia pia maandishi. Ruta ikirusha jina lenye "5G" mwishoni, mara nyingi maana yake ni mawimbi ya GHz 5, siyo mtandao wa 5G wa simu. GHz 5 ina kasi lakini inachoka haraka ikikutana na ukuta wa tofali. GHz 2.4 ni ya polepole ila inapenya. Na simu yako kama haiioni GHz 5 kabisa, na simu nyingi za bei ya chini haziioni, basi hata Wi-Fi 7 ya milioni tano itakuhudumia kwa ile ile 2.4.

Umeme usiusahau. Vidude vitatu vya wati 10 kila kimoja vikiwaka usiku na mchana ni uniti 21.6 kwa mwezi. Mitambo mikubwa inakula zaidi ya hapo. Wewe uliye kwenye D1, ya uniti 75 kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, unaona mwenyewe: karibu theluthi ya uniti zako za bei nafuu zimekwenda kwenye waifai, na zinazozidi 75 zinahesabiwa kwa bei ya juu zaidi ya mara tatu. Umeme ukikatika, meshi ya vitatu inahitaji UPS tatu. Ruta moja inahitaji moja.

Je, kuna anayefaa kununua? Yupo. Mwenye faiba ya Mbps 100 na kuendelea, nyumba ya ghorofa yenye zege na nondo kila sakafu, ambayo huwezi kutoboa kupitisha waya. Au mwenye lodge kule Mikumi, wageni wa hifadhini wanalalamika vyumba vya mwisho havipati. Ingawa hata huyo wa lodge ningemwambia apitishe waya kwenye dari aweke akses pointi korido kwa korido, itadumu zaidi. Na anayetaka meshi kwa sababu hapendi nyaya na hela anayo, anunue ya kati, vidude viwili, aone kwanza. Vingi vinaruhusu kuongeza cha tatu baadaye.

Na wale mnaowaza kununua seti ili mwauzie majirani intaneti: kuuza huduma ya intaneti ni jambo la leseni, TCRA ndo wenyewe. Kaulizeni mapema, siyo mpaka mkaguzi aje.

Mzee nimemwambia magunia yakae yasubiri bei. Anunue ruta ya nje, bomba refu, waya wa mita 30 na akses pointi moja. Kijana wake kanipigia amekasirika, eti namrudisha baba yake nyuma. Nimemwomba atume namba alizopima, mpaka sasa kimya.

Wadau wa Kilosa, Kimamba, Dumila, Mikumi na kwingineko, pimeni na muweke hapo chini: mtandao gani, saa ngapi, Mbps ngapi, ruta iko ndani au nje. Mwenye meshi tayari atuambie chumba cha mwisho anapata ngapi kabla na baada.