UFAHAMU UNAOWATOA JASHO WATAKAO UDAKTARI

Kila muhula hukosi kusikia maneno haya mabwenini: "Mimi nataka udaktari, bwana. Hizi taarifa za ufahamu ni za nini?" Msemaji huwa ni bingwa wa Kemia na Biolojia. Mzunguko wa damu anaujua kama anavyoijua njia ya kwenda jikoni. Lakini ikifika karatasi ya pili ya Kiswahili, ile yenye ufahamu wa alama 15 na ufupisho wa alama 15 kati ya 80, yeye huitupia taarifa jicho moja tu, kisha huanza kuwinda majibu kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka nyasini. Makala haya ni yake, na pia ya walimu wanaochoka kumbembeleza.

Sisi hapa Kenya alama za KCSE ndizo zinazompeleka mtu chuoni kusomea udaktari. Marekani na Kanada mambo ni mengine kabisa. Kule mtu huanza kwa shahada ya kwanza, aghalabu ya miaka minne, ndipo aombe nafasi katika chuo cha udaktari. Vyuo vingi humtaka afanye mtihani uitwao MCAT. Mizizi ya mtihani huo ni ya mwaka 1928, enzi ambazo vyuo vya udaktari vya Marekani vilikuwa vikipoteza wanafunzi wengi walioshindwa na masomo njiani. Ilibidi watafute njia ya kujua mapema ni nani atakayeyamudu. Ajabu ni kwamba hata ule mtihani wa mwanzo ulipima kama mtu anaelewa alichokisoma.

Mtindo unaotumika sasa ulianza mwaka 2015. Una sehemu nne. Tatu ni za sayansi, na ndani yake mna saikolojia na elimu ya jamii. Ya nne, iitwayo CARS kwa kifupi, ni ufahamu mtupu: dakika 90, taarifa 9, maswali 53. Kila taarifa ina maneno kati ya 500 na 600, na kila swali lina majibu manne ya kuchagua. Unasoma kwenye kioo cha kompyuta, si karatasi.

Sasa sikiliza. Taarifa hizo huhusu falsafa, muziki, uchoraji, historia, siasa na kadhalika. Hakuna fomula ya kukariri, wala jibu halitegemei jambo ulilofundishwa darasani. Kila unachohitaji kimo ndani ya taarifa yenyewe. Hapo ndipo mabingwa wa sayansi hutokwa na jasho, maana hakuna kitabu cha kumeza usiku kucha. Katika mji wa Hamilton huko Kanada kuna Chuo Kikuu cha McMaster, ambacho katika alama zote za MCAT huangalia za sehemu hii ya ufahamu peke yake. Za sayansi haziangaliwi! Hebu mwambie hayo yule rafiki yetu wa bwenini.

Kwa nini daktari apimwe kwa taarifa ya muziki? Kwa maoni yangu jibu si gumu. Mgonjwa haji na vichwa vya habari. Huja na hadithi ndefu: alianza kuumwa lini, shangazi alimpa dawa gani, aliacha kuinywa kwa sababu gani. Daktari lazima atenganishe alichoambiwa na anachokidhania mwenyewe. Akivichanganya viwili hivyo, dawa isiyofaa itatolewa, na hapo hakuna kufanya masahihisho kwa kalamu nyekundu.

Badala ya kupiga domo, tujaribu kidogo. Taarifa hii fupi nimeitunga mwenyewe kwa mtindo ule:

"Wapo wanaoshikilia kwamba nyumba za kale za Lamu zisiguswe hata kidogo. Nia yao ni njema. Lakini nyumba isiyokaliwa na watu hufa, na watu hawatakubali kukaa katika nyumba isiyoweza kutiwa mfereji wala nyaya za umeme. Fundi wa zamani naye aliongeza chumba familia ilipokua, wala hakuona kuwa anaharibu kitu. Pengine swali si kama tubadilishe, bali ni nani aachiwe kuamua kipi kibadilike."

Swali: Msimamo wa mwandishi ni upi?

A. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, kwa hivyo ulindwe.
B. Wanaotaka nyumba zisiguswe ni maadui wa wenyeji.
C. Nyumba za kale zigeuzwe ziwe kama za kisasa.
D. Mabadiliko ni sehemu ya uhai wa nyumba hizo. La kujadiliwa ni nani ayaamue.

Jibu A lina mtego mtamu. Kwamba Lamu iliingizwa kwenye orodha hiyo mwaka 2001 ni kweli tupu, na mwanafunzi aliyesoma sana atafurahi kuliona. Lakini mwandishi hakulitaja. Hukuulizwa unajua nini, uliulizwa mwandishi amesema nini. Huu ndio mtego unaowanasa wajuaji kuliko wavivu. Jibu B lina ukali ambao taarifa haina: mwandishi amesema wazi kwamba nia yao ni njema. Ukiona maneno kama "kamwe", "wote" au "adui" katika jibu, simama kwanza. C ni nusu ya ukweli. Mfereji na umeme vimetajwa, sawa, lakini kutia mfereji si kugeuza nyumba nzima. Linabaki D, ambalo halina neno hata moja la kusisimua. Mara nyingi jibu sahihi huwa hivyo, limepoa kama uji wa jana.

Halafu kuna swali la aina nyingine, nalo ndilo gumu zaidi. Yasemekanaje, watauliza, ikigunduliwa kwamba katika mji fulani nyumba hazijaguswa kwa miaka mingi na bado zimejaa watu? Hoja ya mwandishi itapata nguvu au itadhoofika? Hapa unatakiwa kuibeba hoja hadi mahali mwandishi hakufika. (Itadhoofika, kwa sababu alidai watu hawatakubali kukaa humo.) Maswali ya namna hii huwa takriban asilimia 40 ya sehemu hiyo. Asilimia 30 hivi ni ya kuelewa kilichoandikwa, na 30 nyingine ni ya kuunganisha hoja zilizomo.

Mazoezi je? Wapo wanaofundisha kusoma maswali kwanza kisha kurukia taarifa. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu unaingia ukitafuta vipande, na hoja nzima inakupita. Bora usome taarifa yote mara moja kwa utulivu, na kila mwisho wa aya ujiulize: aya hii inafanya kazi gani? Inadai, inapinga au inatoa mfano? Yaangalie sana maneno madogo kama "lakini", "pengine", "ingawa" na "wapo wanaoshikilia". Katika taarifa yetu, neno "wapo" linakuonyesha kwamba maoni yanayofuata ni ya watu wengine.

Ufupisho tunaoulalamikia ndio zoezi bora kuliko yote. Anayeweza kuibana aya ya maneno 100 ikawa sentensi moja, bila kutia chumvi yake, ameshafika mbali. Aidha, weka daftari la makosa. Usiandike jibu sahihi tu. Andika kwa nini lile baya lilikuvutia. Baada ya majuma machache utaona unanaswa na mtego uleule kila mara.

Na usome usiyoyapenda. Mpenda kandanda asome maoni ya mhariri katika Taifa Leo, mpenda siasa asome uhakiki wa tamthilia. Kule MCAT hakuna anayechaguliwa taarifa.

Kuhusu saa, hesabu ni rahisi: dakika 90 kwa taarifa 9 ni dakika 10 kila moja, kusoma na kujibu. Usianze kujipima kwa saa siku ya kwanza. Anza polepole hadi majibu yawe sahihi, kisha upunguze muda kidogo kidogo. Tena, katika mtihani ule jibu baya halikukati alama. Zikibaki dakika mbili na maswali manne hayajaguswa, yachagulie yote majibu, hata kwa kubahatisha.