Betri Nayo Ina Kibaba na Pishi

Ndugu msomaji, mama wa Ringwani, wilayani Serengeti, akielezwa kwamba vibaba ishirini ni vingi kuliko pishi kumi, atacheka. Anafahamu fika kwamba pishi moja ni vibaba vinne. Lakini mama huyo huyo, akisimama dukani kununua betri ili mwanawe apate taa ya kusomea usiku, aweza kupotoshwa na tarakimu.

Pawabenki imeandikwa 20,000. Kando yake pana betri ya gari iliyoandikwa 50. Je, ya kwanza ndiyo kubwa? La, hasha! Tarakimu ya kwanza ni miliampea-saa, ya pili ni ampea-saa. Na miliampea-saa 1,000 hufanya ampea-saa 1. Basi 20,000 ile ni ampea-saa 20 tu.

Vipimo hivi vyote hupima chaji, yaani kiasi cha umeme. Wanasayansi huipima kwa kulombi, kipimo kilichopewa jina la Mfaransa, Charles-Augustin de Coulomb (1736–1806). Mkondo wa ampea 1 ukipita kwa sekunde 1, hupitisha kulombi 1. Kwa kuwa saa ina sekunde 3,600, ampea-saa 1 ni kulombi 3,600. Pawabenki yetu, basi, ina kulombi 72,000. Betri ya gari ina 180,000.

Hata hivyo, usiishie hapo. Chaji ni mzigo, volti ni msukumo wake. Seli za pawabenki kwa kawaida ni za volti 3.7; betri ya gari ni ya volti 12. Zidisha ampea-saa kwa volti, upate nishati: wati-saa 74 kwa pawabenki, 600 kwa betri.

Sasa turudi kwenye taa ya mtoto. Tuseme ni ya volti 12 na huvuta nusu ampea. Betri ya gari haifai kutumiwa kupita nusu, kwani ikikaushwa mara kwa mara hufa mapema. Nusu ya 50 ni ampea-saa 25, nazo zatosha saa 50. Mtoto akisoma saa nne kila usiku, betri nzima iliyojaa itampeleka siku 12 kabla ya kuchajiwa tena.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nawe, ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha yako, uliza kwanza: ni kibaba au ni pishi?