Kashasha ilikuwa na mtandao kabla ya simu

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Muleba mkoani Kagera, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikawaingia na wenzao, kikachanganyika na kilio na woga wa kukimbizwa na mtu asiyeonekana. Wapo walioshikwa kwa saa chache, wapo walioendelea hadi siku 16. Kufikia katikati ya Machi wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa, na Machi 18 shule ikafungwa.

Wenyeji waliuita endwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka. P. J. Philip, mganga wa serikali mjini Bukoba, na A. M. Rankin wa Makerere walipima damu, maji ya uti wa mgongo na hata chakula. Hawakukuta sumu wala kijidudu. Ripoti yao ya mwaka 1963 ndiyo iliyotuachia takwimu hizi, na ndani yake kuna jambo ambalo kila mwalimu mkuu wa Kagera angepaswa kulijua: njia uliyopita ugonjwa.

Siku kama kumi baada ya shule kufungwa, kicheko kilizuka Nshamba, nyumbani kwa baadhi ya wasichana waliorudishwa. Aprili na Mei watu 217 wakapatwa huko. Juni kikafika shule ya kati ya wasichana Rwamishenye, pembezoni mwa mji wa Bukoba, kikawapata 48 kati ya 154. Mwisho wake shule 14 zilifungwa kwa nyakati mbalimbali. Hapakuwa na simu mfukoni mwa mtu yeyote. Ugonjwa ulifuata urafiki na udugu, yaani nani analala kitanda jirani na nani, nani anarudi kwa mama yupi. Wasomi wa Marekani Nicholas Christakis na James Fowler, walipoandika kitabu chao Connected mwaka 2009 kuhusu jinsi hisia zinavyosafiri kati ya watu, waliitumia habari hii ya Bukoba.

Naikumbusha leo kwa sababu mjadala wetu kuhusu mitandao ya kijamii shuleni unaanzia kwenye simu na kuishia kwenye simu. Shule zetu haziruhusu mwanafunzi kuwa nayo. Hukaguliwa godoro, hukaguliwa tranka, hata mfuko wa sabuni. Anayekutwa nayo hunyang'anywa, mara nyingi husimamishwa masomo, na hurudishwa nyumbani. Sipingi katazo lenyewe, kwa kuwa mtoto anayechati chini ya blanketi hadi saa nane usiku hawezi kufuata hesabu asubuhi. Ninachopinga ni kumrudisha nyumbani tukadhani tumemaliza. Nyumbani ndiko kwenye simu ya kaka, bando la shangazi na saa nyingi zisizo na mtu mzima. Waliofunga Kashasha walikuwa na nia njema kama sisi, na kufunga kwao ndiko kulikoupeleka ugonjwa Nshamba.

Jambo jingine katika ripoti ile halinitoki akilini. Walimu wa Kashasha, Wazungu na Waafrika, hakuna hata mmoja aliyepatwa. Waliishi na wasichana wale mchana kutwa, lakini walikuwa nje ya duara lao. Na leo ni hivyo hivyo. Tuna magrupu ya WhatsApp ya wazazi, ya walimu na ya kamati za shule. Humo tunatumiana matangazo ya michango, ratiba za mitihani na picha za mahafali. Wanafunzi wana magrupu yao, yanayofufuka kila likizo ya Juni na Desemba, na humo hupita fununu, picha za kudhalilishana na hofu ya matokeo. Mtu mzima hupata habari wakati jambo limeshaharibika.

Hofu ya leo inakwenda mbali kuliko Nshamba. Oktoba 2023, katika shule ya wasichana ya St. Theresa's Eregi, Kakamega nchini Kenya, wanafunzi zaidi ya 90 walipelekwa hospitali wakitetemeka miguu na kushindwa kutembea vizuri. Vipimo havikuonyesha kijidudu, na wataalamu wakasema ni msongo unaoambukizana. Safari hii video zilikuwa zimeshaenea kwenye mitandao, huku watazamaji wakizua maelezo yao. Hannover, Ujerumani, mwaka 2021, daktari Kirsten Müller-Vahl na wenzake waliandika kuhusu vijana waliokuja hospitalini na mitukutiko na maneno yale yale ya kijana mmoja maarufu wa YouTube. Hawakuwa wamewahi kukutana naye. Baadhi yao walipona walipoelezwa kwa upole na ukweli kwamba hawana ugonjwa waliodhani wanao.

Mtandao umewahi pia kuwatetea watoto wa mkoa huu. Januari 2023 video ya mwalimu mkuu akiwachapa wanafunzi katika shule moja ya msingi wilayani Kyerwa ilisambaa, na mkoa ukachukua hatua dhidi yake upesi. Bila video ile kilio chao kingeishia uwanjani. Lakini watoto wale walitazamwa na nchi nzima wakiwa katika maumivu yao, na sidhani kama waliosambaza waliwafikiria. Mwezi Mei mwaka huo huo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika. Natamani shule zianze kuitii zenyewe, kwani picha ya mtoto aliyefeli au aliyeadhibiwa haina kazi yoyote katika grupu la wazazi.

Kikao cha wazazi kabla ya likizo kingeweza kubeba haya bila gharama kubwa. Anayekutwa na simu abaki shuleni, akae na mwalimu wa malezi, aulizwe alikuwa akizungumza na nani na kwa nini usiku. Simu yake mzazi aje aichukue mwenyewe. Wanafunzi wa sekondari wafundishwe mchana, mbele ya mwalimu, namna ya kuripoti akaunti inayomtukana mwenzao na namna ya kupima habari kabla ya kuituma. Facebook na TikTok hazitaki mtumiaji aliye chini ya miaka 13. Wazazi wengi hawalijui hilo, na huwafungulia akaunti watoto wa darasa la nne kwa majina yao wenyewe.

Na kila bweni liwe na mtu mzima mmoja ambaye wasichana wanaweza kumgongea usiku, awe matroni au mwalimu, asiyeshika fimbo na asiyepeleka kila neno ofisini. Wale watatu wa kwanza wa Kashasha, ripoti inatueleza walichofanya. Haituelezi ni nani aliyekaa nao kitandani akawauliza wanaogopa nini.