Ushahidi wa Damu Katika Maradhi ya Kiharusi

Mzee ameamka alfajiri kutawadha. Ghafula kichwa chamuuma maumivu makali, birika lamponyoka mkononi, mdomo waenda upande, na maneno hayatamkiki. Watu wa nyumbani washikwa na fadhaa: huyu asema ni upepo mbaya, huyu ataka aumikwe, na wa tatu ampa aspirini. Wote wana mapenzi, lakini wakati wapita, na katika maradhi haya wakati ndiyo mali.

Yapasa tujue kwanza kuwa kiharusi ni cha namna mbili. Cha kwanza ni mshipa wa ubongo kuzibwa na damu iliyoganda. Cha pili ni mshipa kupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo, aghalabu kwa sababu ya shinikizo la damu lililoachwa miaka mingi bila ya dawa. Hiki cha pili ni kichache kuliko cha kwanza, lakini ni kikali mno: katika kila wagonjwa 100, wapata 40 hufariki katika mwezi wa kwanza. Na dawa ya mmoja huwa sumu ya mwingine, kwani aspirini humfaa aliyezibwa mshipa, humdhuru aliyepasukwa.

Kwa macho matupu daktari hawezi kuzipambanua namna hizi kwa yakini. Hupambanuliwa kwa picha ya mashine ya CT, uvumbuzi wa Godfrey Hounsfield, ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa mjini London mwaka 1971. Lakini mashine hiyo ni ghali, wala haipo kila mji. Ndipo wataalamu wakauliza: je, damu yenyewe haiwezi kutoa khabari?

Yaweza, kwa kiasi chake. Ndani ya ubongo mna chembe zinazoitegemeza na kuilinda mishipa ya fahamu, na ndani yake mna protini iitwayo kwa kifupi GFAP. Mtu akiwa mzima, protini hiyo huwa kidogo mno katika damu. Mshipa ukipasuka, chembe hizo huvunjika kwa ghafula, na protini huingia katika damu katika saa chache za mwanzo. Mshipa ukizibwa, chembe hufa polepole, na protini huchelewa. Madaktari wa Ujerumani waliliandika jambo hili mwaka 2006. Tena imeonekana kuwa kadiri damu iliyomwagika ilivyo nyingi, ndivyo protini hiyo inavyozidi.

Wako mashahidi wengine wa kawaida zaidi: sukari ya damu iliyopanda, chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili zikizipita mno zile ziitwazo limfosaiti, na kipimo cha kuganda kwa damu, khasa kwa atumiaye warfarin. Hiki cha mwisho humwonyesha daktari jambo la kutengeneza mara moja, kabla damu haijazidi kumwagika.

Lakini shahidi mmoja hatoshi kukata hukumu. GFAP hupanda pia kwa aliyeumia kichwa, hata Marekani iliruhusu mwaka 2018 kuipima kwa watu wa namna hiyo. Na damu ikimwagika kidogo, huenda isipande sana. Kwa hiyo daktari hukusanya yote: picha, umri, fahamu za mgonjwa, mahali palipovuja, pamoja na damu. Na kipimo kibaya si hati ya kifo, bali ni onyo la kumwangalia mgonjwa kwa makini zaidi.

Nasi wa nyumbani tuna wajibu wetu. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, usimpe mgonjwa chakula, maji wala aspirini. Akipotewa na fahamu, mlaze kwa ubavu. Kumbuka saa yalipoanza, chukua dawa anazotumia, umpeleke hospitali papo hapo. Dua isomwe njiani, isiwe sababu ya kuchelewa. Na sisi tulio wazima, tukapimwe shinikizo la damu tungali tunakwenda kwa miguu yetu.